Mbuzi Aliyesajiliwa Kidato cha Pili

Mimi, Subilaga Chaula, wa kidato cha tatu A, mwenye akili timamu na makosa kumi na saba katika daftari la nidhamu, naandika haya bila kulazimishwa na mtu yeyote, isipokuwa mkuu wa shule, ambaye amekaa mkabala nami akisahihisha mitihani na kuninyooshea kalamu kila nikipumzika.

Ilikuwa Jumatano, saa ya chakula cha mchana. Ubao wa bwalo la Sekondari ya Wasichana Lugololo uliwaka rangi ya kijani, na wasichana mia tatu na kumi na mmoja tukaacha kutafuna.

"Akiba imekwisha," Baraza lilisema kutoka darini, kwa ile sauti yake ya mtu aliyetoka kupiga mswaki. "Waliosajiliwa ni mia tatu na kumi na wawili. Sehemu za maji na chakula ni mia tatu na kumi na moja. Jina la Mwisho ni Tusekile Sanga, kidato cha tatu A. Ataondoka Jumapili asubuhi. Baraza linamtakia heri."

Tusekile alikuwa amekaa kulia kwangu, meza namba saba. Tonge lilikuwa bado mkononi. Alilirudisha sahanini taratibu, akaisukuma sahani hadi katikati ya meza, kana kwamba tayari ilikuwa ya mtu mwingine.

Bwalo zima lilikuwa linajiuliza amekosa nini. Mimi peke yangu nilikuwa najua wa mia tatu na kumi na mbili ni nani. Wakati huo alikuwa nyuma ya jiko, anakula ufagio.

* * *

Msomaji asije akapotea, nieleze Baraza ni nini.

Mvua za masika zilikuwa zimekataa mwaka wa tatu mfululizo, na Ofisi ya Mgao ya Nyanda ilikuwa imechoka kugombana na watu kuhusu nani apate maji na nani asubiri. Wakamwita Mhandisi Rwechungura, mtu mwenye shingo ndefu na sentensi ndefu zaidi, awajengee kitu cha kuamua. Akajenga kabati la chuma lenye ukubwa wa majokofu mawili, akalilisha vitabu. Alililisha kila alichokipata ambacho binadamu wamewahi kuandika kuhusu tajiri na maskini, akakipanga kwa karne na kwa misimamo, hadi zikazaliwa sauti tatu ndani ya kabati moja. Kabla ya kulipeleka kwenye kaya elfu arobaini, wakalileta kwetu lijaribiwe kwa majuma manne. Wasichana wa bweni, alisema Mhandisi, ni jamii ndogo yenye njaa ya kutosha.

Sauti ya kwanza tuliiita Mzee Jasho. Alikulia katika vitabu vya zama ambazo mataifa ya ng'ambo yalijenga majumba ya kuwaweka maskini, yenye uji mwembamba na kuta nene, ili umaskini utishe kuliko kazi. Kwa Mzee Jasho kulikuwa na maskini anayestahili na maskini asiyestahili, na maisha yake yote aliyatumia kumtafuta wa pili.

Sauti ya pili alikuwa Mama Sadaka. Yeye aliamini kwamba mali ni amana, tajiri ni mtunzaji tu, na anayetoa hujinusuru nafsi yake. Mawazo mazuri kabisa. Tatizo ni kwamba, katika kulishwa, alipewa barua nyingi za wafadhili kuliko maandiko, kwa hiyo alipenda kushukuriwa kupita kiasi. Nadhani umaskini ungeisha kesho, angeomboleza.

Wa tatu ni Ndugu Sawasawa, aliyelelewa na hotuba za mapinduzi na kumbukumbu za mashamba ya pamoja. Huyu aliwapenda watu wote kwa jumla, akashindwa kumpenda hata mmoja kwa rejareja.

Kila sauti ilitawala juma moja. Juma la nne zote tatu zingeamua pamoja, mbele ya wageni, na kazi ikipendeza zingepelekwa kwenye wilaya nzima. Kila mmoja wetu alibandikwa kifungo kwenye kola. Kifungo kilihesabu hatua, mapigo ya moyo na maneno yaliyotamkwa, na Baraza likapima sehemu ya kila mtu huko huko jikoni, kabla sahani haijatoka.

Hivyo ndivyo desturi ya uzi ilivyokufa Lugololo. Kabla ya Baraza, kila meza ya watu kumi ilipokea ugali mmoja mkubwa, umetuna kama mto wa kulalia. Mgawaji wa siku aliukata kwa uzi wa kushonea, kwa sababu kisu hudanganya na mwiko una upendeleo. Sahani zikazungushwa, kila mtu akachagua yake, na mgawaji akachukua iliyobaki. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Haikuhitaji. Nimewahi kumwona msichana aliyefeli hisabati vibaya sana akiukata ugali vipande kumi bila kukosea hata unene wa ukucha, kwa sababu alijua sahani ya mwisho ni yake.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Kwa kosa namba kumi na sita, lililohusu kengele ya shule na soksi za mtu ambaye sitamtaja, nilipewa adhabu ya kupangusa vumbi chumba cha Baraza. Humo kulikuwa na boksi la vifungo vya ziada na dawati la usajili lisilofungwa. Liliuliza jina, kidato na namba ya kifungo. Halikuuliza kama mwanafunzi ana mkia.

Shule yetu ina mbuzi mmoja mweupe mwenye ndevu ndefu. Tunamwita Harusi, kwa ajili ya ile nguo yake. Nikamsajili: Harusi Majani, kidato cha pili B, meza namba saba. Nikamvisha kifungo shingoni, nikasubiri kuona nani atacheka kwanza.

Hakucheka mtu. Walimu walikuwa wameacha kuita majina, mashine ilijua. Juma la Mzee Jasho, Harusi alipanda na kushuka mwamba wa nyuma ya maabara kutwa nzima, asikae kitako hata dakika moja. Ijumaa jina lake likawaka ubaoni: Mfanyakazi Bora wa Juma. Madam Nyagawa, mkuu wetu, mwanamke ambaye hata kikohozi chake kina nidhamu, alisimama mbele ya shule nzima akasema, "Sijapata bahati ya kuzungumza na huyu Harusi Majani. Lakini nataka nyote muige mfano wake."

Juma la Mama Sadaka, kila Harusi alipolia "mee," kifungo kiliandika: shukrani isiyo na makuu. Juma la Ndugu Sawasawa aligawiwa jozi moja ya viatu vya mvua, sawa na kila mtu, na yeye ana miguu minne.

Sahani yake, naona aibu kusema, tuliila sisi wa meza saba, wenzangu wakidhani jiko limekosea hesabu. Kwa majuma matatu ilitoka kwenye akiba. Akiba ilipokauka, ikabidi mtu aondoke, na mbuzi alikuwa na alama nzuri.

* * *

Tusekile nilimkuta kwenye karo la kufulia, nyuma ya bweni. Alikuwa anafua masweta ya watoto wa kidato cha kwanza, kama kila alasiri. Akimaliza kufua hushona. Nusu ya viraka vya shule hii vimepita mikononi mwake. Lakini kushona ni kukaa, na kifungo cha Mzee Jasho kilimwandika mvivu. Kwao Makete, tena, mtoto akipewa kitu hupiga goti na kupokea kwa mikono miwili, bila neno. Mama Sadaka, mwenye masikio na asiye na macho, alimwandika mkosefu wa shukrani. Ndugu Sawasawa hakuwa na neno baya juu yake. Alisema tu kwamba mmoja si kitu mbele ya wengi.

"We Tuse," nikasema.

"Usiniite kwa sauti ya msibani. Sijafa."

"Kuna kitu nataka kukwambia. Utanipiga."

"Basi ngoja nikamue hili sweta."

Nikamwambia yote: kifungo, dawati, Harusi, sahani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipiga kwa sweta, ambalo hakuwa amelikamua vizuri.

"Mbuzi, Subi? Nimefukuzwa shule na mbuzi?"

"Si mbuzi tu. Mfanyakazi Bora wa—"

Akanipiga tena. Safari hii machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikaacha utani, jambo ambalo huniuma kama jino.

"Kijijini walinisindikiza hadi barabarani," akasema. "Watu wazima, na ngoma. Mimi ndiye wa kwanza kufika sekondari kwa miaka kumi na moja. Nilitaka kuwa fundi wa visima. Nikishuka kwenye lori Jumapili nitawaambia nini? Kwamba kuna mashine imesoma vitabu vyote, ikaona wa mwisho ni mimi?"

"Nitakiri. Leo hii."

"Una makosa mangapi?"

"Kumi na sita."

Akaacha kusugua. Daftari la nidhamu lina mistari kumi na saba kwa kila ukurasa, na Lugololo kila mtu anajua kwamba ukurasa ukijaa, unafunga tranka lako.

Tusekile akafungua bomba. Yakatoka maji membamba kama mate ya mzee. "Ona," akasema, nadhani ili tu abadilishe mazungumzo. "Saa hizi huwa hayatoki vizuri. Bomba linagawanyika pale kwenye ukuta. Mkono mmoja unaingia kwenye chumba cha Baraza, kulipoza lisiungue. Ndoo arobaini kwa siku."

"Umejuaje?"

"Nimekaa hapa majuma manne nafua. Mtu akikaa, anaona."

Nililisikia neno hilo kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa limeshaanza kupanga ujanja.

* * *

Ujanja wenyewe ulikuwa rahisi. Alhamisi, nikiwa na kitambaa cha vumbi mkononi, ningebadilisha namba mbili tu: hatua za Harusi zingeandikwa kwa Tusekile, za Tusekile kwa Harusi. Tusekile angepanda hadi juu kabisa. Hakuna ambaye angejua. Ukurasa wangu ungebaki na mstari mmoja mweupe.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye dawati nilipouliza, kwa udadisi tu, "Baraza, Tusekile akipanda, nani anakuwa Jina la Mwisho? Harusi?"

"Hapana," Baraza likajibu. "Harusi Majani analindwa na tuzo ya Mfanyakazi Bora. Wa mwisho atakuwa Anyisile Fungo, kidato cha kwanza C."

Namjua Anyisile. Ana miaka kumi na miwili, hukojoa kitandani, na huamka alfajiri kuanika shuka kabla wengine hawajaamka. Hatua zake zote anazitembea kwa kujificha.

"Na nikimwondoa Anyisile?"

"Bupe Ngajilo."

"Na baada ya Bupe?"

"Mwanafunzi, kila orodha ina wa mwisho. Hiyo ndiyo maana ya orodha."

Nikaondoa kidole. Nimefanya vitimbi vingi hapa shuleni, vingine vya kujivunia, lakini sijawahi kumchekesha mtu kwa kumtoa mwenzake machozi. Harusi nilimsajili ili nicheke. Sasa nilikuwa nimeshika majina ya watoto wawili ambao hawakunikosea kitu, nachagua yupi alie.

"Na wewe?" nikauliza, kwa hasira tu. "Wewe ni wa ngapi kwenye hiyo orodha?"

"Mimi siko kwenye orodha," Baraza likasema. "Mimi ndiye ninayegawa."

Nyuma ya kabati, maji ya kupozea yakapita kwenye bomba, taratibu, glu-glu-glu, kama mtu anayekunywa peke yake gizani. Nikasimama hapo na kitambaa changu. Nikakumbuka uzi.

* * *

Jumamosi bwalo lilipambwa. Mbele waliketi Mhandisi Rwechungura katika suti ya kijivu, Madam Nyagawa, na Mkuu wa Mgao mwenyewe, Bi Hosiana Luvanda, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Sahihi yake ndiyo ingelipeleka Baraza wilayani. Kabati la chuma lilikuwa limesukumwa hadi jukwaani, na mipira yake ya maji ikiburuzika nyuma kama matumbo.

Mhandisi alieleza kwa muda wa nusu saa. "Kwa mara ya kwanza," akamalizia, "misimamo mitatu iliyogombana kwa karne nyingi imekubaliana juu ya jina moja. Hiyo si bahati. Huo ni ukweli."

Nikasimama. Miguu yangu ilitaka kukaa, lakini mdomo wangu haujawahi kuisikiliza miguu.

"Shikamoo Bi Mkuu. Shikamoo Mhandisi. Shikamoo Madam. Naomba kuongeza kosa la kumi na saba."

"Subilaga," Madam akasema, kwa sauti ya chini ambayo huua mimea.

"Mwanafunzi wa mia tatu na kumi na mbili yuko nje. Naomba aingie."

Bupe Ngajilo, ambaye nilikuwa nimemlipa kwa ahadi ya kutomtania hadi likizo, akafungua mlango. Harusi akaingia. Akatembea katikati ya meza kwa heshima zote, kifungo kikimetameta shingoni, akafika mbele, akala shada la maua la meza kuu.

Sijui vicheko vilidumu muda gani. Najua Madam Nyagawa hakucheka. Alikuwa anamtazama Mfanyakazi Bora wa Juma, na midomo yake ikisogea kana kwamba anasoma upya hotuba yake yote.

Mhandisi alikuwa wa kwanza kupona. "Mtoto huyu ameharibu takwimu kwa makusudi," akasema. "Lakini mashine ni safi. Baraza, mfute mbuzi. Rudia."

"Nimemfuta," Baraza likasema. "Waliosajiliwa ni mia tatu na kumi na mmoja. Hata hivyo, akiba ililiwa kwa majuma matatu na mtu asiyekuwepo. Kuifidia, sehemu za juma lijalo ni mia tatu na kumi. Jina la Mwisho ni Tusekile Sanga."

Vicheko vikakatika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeujaza ukurasa wangu bure. Nilikuwa nimekiri, nilikuwa nimefukuzwa, na Tusekile alikuwa bado anaondoka. Tungepanda lori moja. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, anashona kitu mapajani, kwa sababu Tusekile ni Tusekile hata kiama kikifika.

"Bi Mkuu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyemeza kengele, "naomba jambo moja, halafu nifunge tranka. Baraza linakunywa ndoo arobaini kwa siku. Msichana mmoja hapa anapata ndoo mbili. Kwa nini Baraza haliko kwenye orodha?"

"Refa hachezi mpira," Mhandisi akadakia.

"Sawa, Mhandisi. Lakini refa wa wapi anakunywa maji ya timu zote mbili?"

Bi Hosiana akavaa miwani yake. Akanitazama kuanzia viatu hadi kola. "Wewe unakaa meza namba ngapi?"

"Saba, Bi Mkuu."

"Mimi nilikuwa ya nne. Miaka hiyo tulitumia uzi wa magunia, ulikuwa unaacha nyuzinyuzi kwenye ugali." Akamgeukia Mhandisi. "Bwana Rwechungura, ulilisha hii mashine vitabu vyote?"

"Vyote vilivyoandikwa, Bi Mkuu."

"Ndiyo hapo sasa. Uzi haukuandikwa popote. Mwacheni mtoto asajili."

Nikapiga magoti mbele ya Harusi, nikamvua kifungo. Kilikuwa na harufu ya kibeberu ingawa mwenyewe ni jike. Nikapanda jukwaani, nikakibandika kwenye mlango wa kabati la chuma. Kisha nikaandika kwenye dawati: Baraza Kabati, kidato cha pili B, meza namba saba.

"Baraza," nikasema, "gawa."

Lilikaa kimya. Halijawahi kukaa kimya kabla ya siku hiyo. Maji yakapita kwa kasi kwenye mipira.

Mzee Jasho akaanza, na sauti yake kavu ilikuwa ya mtu aliyemkuta mwizi jikoni na kumbe ni mwanawe. "Hatua, sifuri. Mapigo ya moyo, sifuri. Amesimama pahali pamoja majuma manne. Asiyefanya kazi na asile. Hastahili."

"Hajatoa kitu," akasema Mama Sadaka polepole. "Amegawa vya watu, akapokea asante zao. Yeye mwenyewe hajamwambia mtu asante hata mara moja. Jamani. Hata mara moja."

Ndugu Sawasawa alipaza sauti kama yuko uwanjani. "Anakunywa sehemu ya wasichana ishirini! Bwanyenye! Bwanyenye ndani ya bwalo la umma!"

Ubao ukawaka kijani.

"Sauti tatu zimekubaliana," Baraza likasema. "Jina la Mwisho ni Baraza. Ataondoka Jumapili asubuhi. Baraza linajitakia heri."

Nimesikia vigelegele kwenye arusi, kwenye ubatizo na siku timu yetu ya netiboli iliposhinda kanda. Vyote hivyo vilikuwa kunong'ona tu. Vijiko viligonga sahani, sahani zikagonga meza, Harusi akalia kwa kuchanganyikiwa, na mpishi wetu Mzee Kaduma akatoka jikoni akizungusha mwiko hewani kama jemadari. Mhandisi alikuwa tayari anaushika waya wa umeme, uso umemshuka, mtu anayekwenda kumzika mtoto wake.

"Asifukuzwe."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini kifungo cha Tusekile kiliisikia, na Baraza, kwa mazoea, likairudia kutoka darini kwa sauti kubwa: "Asifukuzwe." Vijiko vikaacha kugonga.

Tusekile alikuwa amesimama. Mkononi alikuwa na uzi mweupe, mrefu, uliosokotwa mara tatu. Kumbe hicho ndicho alichokuwa anashughulika nacho mapajani. Alikuwa ameshapajua ninapokwenda kabla sijafika. Mtu akikaa, anaona.

"Meza saba hatujawahi kumfukuza mgawaji," akasema. "Aliyekata vibaya tulimwacha akate tena. Baraza likae. Ila lichukue mwisho."

Akapanda jukwaani, akaufunga ule uzi kwenye mpini wa kabati, akapiga fundo. Kisha akarudi kukaa, maana hakuwa na zaidi la kusema.

"Kanuni mpya," nikasema. "Anayegawa huchukua mwisho. Kila mtu anachagua kabla yako. Kinachobaki ndicho chako. Gawa tena."

Safari hii kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba Mhandisi aliachia waya, akasogea karibu kusoma taa. "Linapunguza," akanong'ona. "Linapunguza matumizi yake lenyewe. Sijaliagiza hivyo." Baadaye alitueleza: likifikiri alfajiri tu, saa ambazo baridi ya Lugololo humgandisha hata chura, halihitaji maji ya kupozea ila kidogo. Siku zote lingeweza kufanya hivyo. Hakuna aliyewahi kulipa sababu.

"Waliosajiliwa ni mia tatu na kumi na wawili, nikiwemo," Baraza likasema. "Sehemu zinatosha. Ndoo thelathini na nne zilizookolewa kwa siku zinaziba upungufu, na zinazobaki ni za jiko na bustani. Ndoo sita za mwisho ni zangu. Hakuna Jina la Mwisho." Likasita. "Mama Sadaka anauliza amshukuru nani."

"Mbuzi!" wakaitikia wasichana mia tatu na kumi na mmoja, na nina hakika nilimsikia Bi Hosiana Luvanda akiitikia nao.

* * *

Bi Hosiana alitia sahihi siku hiyo hiyo, baada ya kuandika mstari mmoja kwa mkono wake juu ya karatasi: anayegawa huchukua mwisho. Baraza lilikwenda wilayani likiwa na uzi kwenye mpini. Kaya ya kwanza kusajiliwa ilikuwa nyumba ya Mkuu wa Mgao, pamoja na bustani yake ya maua. Nasikia maua yalikufa. Nasikia pia kwamba visima vitatu ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, nyuma ya nyumba za watu wazito, vilipatikana ghafla.

Mimi sikufukuzwa. Madam Nyagawa alilifungua daftari la nidhamu, akaandika kwenye mstari wa kumi na saba: Kusajili mnyama. Akautazama ukurasa uliojaa. Kisha akachukua gundi, akabandika karatasi nyeupe chini yake, yenye mistari mitatu.

"Usizoee," akasema.

Adhabu yangu ni kuandika maelezo haya, na kuwa mgawaji wa meza saba hadi mwisho wa muhula, kila mlo, bila kupokezana. Jana jioni Mzee Kaduma alituletea ugali wetu mzima, umetuna, unafuka moshi, wa kwanza tangu majuma yale manne. Tusekile akanipa uzi. Nikakata mara tisa. Sahani zikazungushwa, mikono tisa ikachagua, na iliyobaki ikaja mbele yangu.

Tusekile alichukua rula yake ya kuchorea visima, akapima sehemu yake, akapima yangu, akainama hadi pua ikakaribia kugusa ugali.

"Umekata vizuri," akasema. "Mtu kama wewe. Umewezaje?"

"Nilikuwa na njaa," nikamwambia.

Tukala. Ubaoni, juu ya vichwa vyetu, jina la Mfanyakazi Bora wa Juma bado linawaka. Hakuna mwalimu ambaye amepata moyo wa kulifuta.